Mpira ni wa Nani?

Pale uwanja wa Mirongo, Mwanza, ugomvi wa mpira wa kikapu hauanzi kwenye kufunga. Unaanza pale timu inapoupata mpira upande wake: nani aupeleke mbele? Wawili watatu wameinua mikono, "Lete! Lete!", na aliyeudaka hamtazami mtu, anadunda mwenyewe.

Sisi jibu tulikuwa nalo. Mfupi mwenye mikono myepesi achukue mpira, mrefu aende akasimame chini ya kikapu. Mimi nilikuwa mfupi. Basi nikaushika mpira ule kama mtu aliyerithi mtumbwi wa baba yake.

Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji, haki hiyo inatoka wapi? Si urefu. Magic Johnson alikuwa na sentimita 206 na ndiye aliyechezesha Lakers. Denver walipotwaa ubingwa mwaka 2023, mpira ulipitia kwa Jokić, mtu wa kati, jitu kabisa. Wengine watasema basi ashike anayewazidi wote. Hapo ndipo ninapobisha. Mwaka 1993, mchezo wa sita dhidi ya Phoenix, pointi zote za Chicago katika robo ya mwisho alikuwa amefunga Jordan. Zimebaki sekunde chache, wako nyuma kwa mbili. Jordan akaupandisha mpira, akampa Pippen, Pippen akampa Grant, Grant akamrushia Paxson aliyekuwa peke yake. Pointi tatu, ubingwa. Nani aliyekuwa na haki ya kuubania kuliko Jordan?

Mimi nasema mpira ni amana. Timu ina sekunde 24 tu. Ukila 15 kwa kudunda na madoido, umekula za watu wanne, na hawawezi kukudai.

Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis. Curry alikuwa wa saba mwaka uleule. Vijiweni jamaa wanacheka, eti Mtanzania alishindwa. Sisemi angekuwa Curry, tusidanganyane. Ila mtu wa chini ya kikapu kwa kawaida hula anacholetewa, na anayecheka hajiulizi alikuwa analetewa nini.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa na mrefu wangu. Msimu mzima alikimbia kwenda na kurudi, mkono juu, na mimi namwona. Hilo ndilo linaloniuma: nilikuwa namwona. Watazamaji walipenda nikipitisha mpira katikati ya miguu, nami nikawapa wanachopenda. Siku moja hakuja mazoezini, na iliyofuata pia, wala hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Miaka ikapita. Nikamkuta mwaloni Kirumba, ana gunia la dagaa begani. Akalitua, akanipa mkono, akacheka.

"Vipi kaka, bado unaudunda peke yako?"

Nikamsaidia kulipandisha gunia begani. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.