Usimbadilishie Mtu Pampu kwa Kubahatisha

Wanangu mnaoingia gereji sasa, gari lililogoma kuwaka lisiwatishe. Litakaa hapo hapo mpaka mlione kosa lake. La kuwatia hofu ni Haisi kuukuu ya petroli iliyotoka Mombo inakimbia vizuri, ikafika katikati ya mlima wa Lushoto ikaishiwa nguvu. Dereva anakanyaga, haishiki resi. Anarudi gia ya pili, inazidi kulegea. Anaegesha, abiria wanashuka kunyoosha miguu, akiwasha tena gari linapanda kama vile halikuwa na neno. Kesho yake analileta kwenu nalo linanguruma safi. Hapo ndipo fundi kijana anapoharibu kazi, na ndipo ninapotaka mnisikilize.

Nimeliona gari la namna hiyo likifungwa pampu mpya, kisha plagi, kisha noseli, na mwisho kontroboksi ya mtumba, kwenye gereji isiyokuwa hata na geji ya presha. Mwenye gari alikuwa mama anayelipa mkopo wa kikundi kwa hesabu anayoletewa kila jioni. Kosa lilikuwa kichujio cha ndani ya tangi. Pampu mpya ilishushwa juu ya kichujio kile kile cha zamani, na ile kontroboksi ya mtumba ikaja na maradhi yake, gari likawa na makosa mawili badala ya moja.

Kosa la kuja na kuondoka hupimwa likiwapo. Hakuna njia nyingine. Lakini kabla ya kupima, msikilizeni dereva. Yeye ndiye aliyekuwapo. Muulizeni nguvu ilikatika ghafla au ilipungua polepole. Injini ilikuwa imepata moto au la? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Lilipumzika kwa muda gani kabla ya kurudi sawa? Nguvu ikikatika ghafla na kurudi ghafla, anzeni kufikiria umeme: koili, saketi ya moto, distribyuta, rilei, ethi. Ikizama taratibu gari likiwa na mzigo, kisha ikarudi baada ya mapumziko, anzeni na mafuta, au njia ya moshi.

Mjue pia kwa nini mapumziko yanaliponya. Mlimani injini inadai mafuta mengi, mvuto wa pampu unakusanya takataka zote kwenye kichujio cha tangini na kukiziba. Mkizima, mvuto unakoma, takataka zinadondoka chini, njia inafunguka. Mfuniko wa tangi nao ukiziba tundu lake la hewa, ombwe linajijenga ndani na pampu inashindana nalo. Gari likilegea, fungueni mfuniko. Mkisikia hewa inaingia kwa nguvu na gari likapata nafuu, mmeshapata pa kuanzia. Na madereva wetu wa daladala wanaoweka mafuta ya safari moja moja, taa ya tangi ikiwaka kutwa, waambieni ukweli: pampu ya tangini hupozwa na petroli inayoizunguka. Ikikosa petroli inachemka, tena inafyonza mashapo ya chini.

Sasa geji. Haisi za umbo lililotoka mwaka 1989, zenye injini ya 1RZ-E ya lita 2.0 au 2RZ-E ya lita 2.4, hazina fumbo hapa. Kwenye mifumo ya EFI ya Toyota ya enzi hizo, mkichomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta, presha inatakiwa kusoma kati ya kilopaskali 265 na 304, karibu baa 3. Lakini msiridhike na namba ya gereji, gari likiwa limesimama bila mzigo. Fungeni geji yenye mpira mrefu mpaka nje ya kioo cha mbele, mpande nalo mlima. Nasema nje ya kioo. Injini ya Haisi iko chini ya viti vya mbele, na petroli yenye presha ikivuja ndani ya kibanda, dereva ameketi juu ya moto. Toeni presha kabla ya kufungua kiungo chochote, kazeni mpira kwa klipu za kweli, mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mwenzenu.

Pamoja na geji, vuteni nyaya mbili kutoka kwenye pampu mpaka kwenye mita mbele ya anayekaa kando ya dereva. Nguvu ikikatika, someni vyote viwili. Presha imeshuka na volti ziko kamili: kosa ni pampu, kichujio au bomba. Presha imeshuka pamoja na volti: pampu haina hatia, tafuteni rilei, soketi iliyoungua au ethi yenye kutu. Presha imesimama imara na gari limelegea: acheni mafuta, nendeni kwenye moto na sensa. Namba hizo mbili zingemwokolea yule mama pesa zake zote.

Kwenye umeme ndipo penye subira kubwa zaidi. Joto la injini iliyofungiwa chini ya viti hukausha nyaya na kulegeza soketi, na kwa magari ya Tanga na Dar es Salaam ongezeni chumvi ya bahari. Injini ikiwa inanguruma, tikiseni nyaya kipande kwa kipande mkisikiliza. Pimeni kati ya bodi ya injini na negativu ya betri. Ikizidi volti 0.2, ethi ni mbaya. Kuunganisha TE1 na E1 ili taa ya injini ihesabu kodi ya kosa ni jambo jema, ila mwelewe kodi inasema nini. Namba 22 inataja saketi ya sensa ya joto la maji, na saketi ni sensa pamoja na waya na soketi yake. Sensa yenyewe ipimwe: kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, 0.2 hadi 0.4 kwenye nyuzi 80. Na tafadhali, msiguse nyaya za kontroboksi kwa testa ya balbu, mnaweza kuiunguza. Wala msitoboe waya kwa sindano na kuuacha wazi unywe maji.

Ama njia ya moshi: masega ya ekzosi yakiziba, geji ya vakyumu itawaambia: shikilieni mizunguko 2,500, ikiwa inashuka taratibu bila kurudi, moshi hautoki. Ila kabla ya kuyagusa tafuteni kilichoyayeyusha, maana injini inayomisi ndiyo inayoyaua.

Uchakachuaji nao upo, ndiyo maana EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Toeni petroli kidogo kwenye chupa safi, iacheni itulie, muone kama kuna maji chini.

Mkishindwa kuliona kosa, mwambieni mwenye gari kwamba hamjaliona. Haisi iliyojaa watu ikiishiwa nguvu mlima Kitonga, malori yakiwa nyuma yake, hakuna kisingizio cha gereji kitakachowafaa wale abiria.

Najua kinachowasukuma kubahatisha. Mteja hulipia spea anayoiona, hataki kulipia saa mlizokaa na geji, basi fundi anaficha ujira wake ndani ya pampu. Acheni. Tajeni bei ya kupima mapema, kabla ya kufungua boneti, na mshikilie hapo. Nanyi wenye magari, lipieni upimaji, mdai muoneshwe namba kwenye geji kabla hamjakubali kununua pampu.