Bwana Akikubadilishia Namba

Andiko: Matendo 6:1–6, 8:4–8, 8:26–40, 21:8

 

Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili hapa Lodwar, ndugu mmoja alinivuta kando. Akaniambia, "Pasta, nimeimba kwenye timu ya sifa miaka saba. Sasa nimeambiwa niende mlangoni nikapokee wageni. Nimekosea wapi?" Sikumjibu siku hiyo. Nilimwomba anipe muda niombe. Mahubiri haya ndiyo jibu langu kwake, na nilipokuwa nikiyaandaa nikagundua kwamba Bwana alikuwa ananijibu mimi kwanza.

Jezi niliyorushiwa

Nilipokuwa chuoni nikisomea biashara, nilicheza raga. Nilikuwa namba 6, mtu wa mbele. Kazi ya watu wa mbele ni rahisi kuieleza hata kama si rahisi kuifanya: unasukuma kwenye skramu, unaangusha mtu, unaamka, unaufuata mpira popote ulipo. Ukiwa na nguvu na moyo, utaonekana. Nilikuwa na vyote viwili, na kusema ukweli, nilipenda kuonekana.

Jumamosi moja senta wetu akaumia bega. Kocha akanirushia jezi namba 13. Senta anacheza katikati ya uwanja, mbali kidogo na ule msongamano. Nikajiambia, uwanja ni ule ule, mpira ni ule ule, kuna nini? Mchezo ukaanza, mpira ukaenda kushoto, nami nikaufuata mbio kama nilivyozoea kwa miaka mitatu. Kumbe nyuma yangu nimeacha mlango wazi! Wapinzani wakarudisha mpira kulia wakapita pale pale nilipopaswa kusimama. Mara mbili. Kijana wa pembeni, mdogo kwangu, alikuwa akipiga kelele, "Simama na mimi! Simama na mimi!" Nilidhani ananidharau.

Wakati wa mapumziko kocha hakunifokea. Aliniambia, kule mbele ulikuwa unaangalia mpira. Huku katikati angalia nafasi, halafu angalia mwenzako. Ukitoka mbio peke yako, hata kwa nia njema, unamwacha ndugu yako akikabiliana na watu wawili.

Mpendwa, neno hilo nililisikia nikiwa na miaka 21. Nimelielewa nikiwa na zaidi ya 30.

Filipo wa meza, Filipo wa barabara

Tumtazame Filipo. Katika Matendo 6 kuna malalamiko kanisani: wajane wengine wanasahaulika katika mgao wa kila siku. Sisi wa Turkana hatuhitaji kuelezwa neno mgao. Wakachaguliwa watu saba, na Filipo ni mmoja wao. Namba yake ya kwanza ilikuwa meza.

Halafu mateso yakaja, watu wakatawanyika, na Filipo akajikuta Samaria. Huko amekuwa mhubiri wa umati. Wagonjwa wanapona, pepo wanatoka, mji mzima una furaha. Hiyo ndiyo huduma kila mhubiri kijana anaiota. Sasa angalia mstari wa 26. Katikati ya moto huo, malaika anamwambia aondoke aende kusini, kwenye barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, na Biblia inatueleza kwamba hiyo ni njia ya jangwa. Kutoka mji wenye furaha mpaka barabara tupu! Na huko jangwani hakuna umati. Kuna mtu mmoja, Mwethiopia, ameketi garini anasoma Isaya.

Filipo hakusema, "Bwana, nimekosea wapi?" Aliondoka. Lakini ona pia alivyobadilisha uchezaji. Samaria alisimama akatangaza. Huku anakimbia kando ya gari la mtu mwingine, anasikiliza kinachosomwa, kisha anaanza na swali: je, unaelewa? Akangoja akaribishwe. Akapanda, akaketi. Injili ni ile ile, nguvu ni ile ile, ila mwendo si ule wa Samaria.

Pasta aliyetoka nje ya mstari

Sasa niseme yangu. Mwaka juzi Mchungaji wetu Kiongozi aliniita akaniambia niende Kakuma, nikakae na tawi letu kule. Hapa Lodwar nilikuwa na vijana, nilikuwa na ibada ya pili, ukumbi ulikuwa unajaa mpaka wengine wanasimama nje juani. Nilisema "Amina, Mchungaji" kwa mdomo. Moyoni nilisema nimeshushwa cheo. Nilipanda Probox asubuhi, na zile kilomita kama 120 sikuomba hata mara moja. Nilikuwa nanung'unika na vumbi.

Kakuma, mnaijua, ni ulimwengu mzima katika mji mmoja. Tawi letu lina Waturkana, Wasudan Kusini, Wakongo, Warundi na Waethiopia. Ukihubiri, unatafsiriwa mara mbili. Unatoa sentensi moja yenye moto, kisha unangoja mpaka ipoe! Nilichukia kule kungoja.

Nikafanya kile nilichojua. Mimi nina digrii ya biashara, jamani. Mwezi wa kwanza nilikuwa na bajeti, fomu, na ratiba ukutani. Kulikuwa na kikundi cha akina mama waliokutana Jumatano alfajiri chini ya mti, kabla ya foleni ya maji. Waliomba, walifarijiana, aliyekosa unga alijulikana na akasaidiwa kimya kimya. Kikundi hicho kilikuwa kimeibeba ile kazi kabla mimi sijafika. Nikakihamishia jioni, ndani ya kanisa, kwa daftari la mahudhurio na mchango unaoandikwa kwa jina. Nia yangu ilikuwa njema. Niliuona mpira nikaukimbilia.

Baada ya wiki chache wakabaki akina mama wanne. Mmoja wao, mtu mzima ambaye angeweza kunizaa, alinisubiri wengine waondoke. Akasema kwa upole, "Mwanangu, wewe unakimbia sana. Sisi tuko huku." Ni maneno machache tu hayo, na nikasikia tena ile sauti ya uwanjani: simama na mimi.

Nilimwomba msamaha palepale. Jumapili nikaomba msamaha mbele ya kanisa, na ukitubu kupitia wakalimani wawili, unatubu mara tatu. Daftari nikaliondoa. Alfajiri yao nikawarudishia, nami nikawa naenda kukaa pembeni na kusikiliza. Wengi walirudi. Lakini nisiwadanganye: familia mbili hazikurudi. Mungu alinisamehe siku ileile, lakini pengo nililoacha mlangoni lilipitisha watu halisi, na mpaka leo nikiwa pale chini ya mti huwa ninawahesabu.

Mambo matatu ya kushika

*1. Kubadilishiwa namba si kutolewa nje.* Wewe uliyekuwa na kazi kwenye shirika, na mwaka 2025 misaada ilipopunguzwa mkataba wako ukakatika, leo unauza nyanya sokoni: ungali uwanjani. Fungua Matendo 21:8. Miaka mingi imepita, Paulo anafika Kaisaria nyumbani kwa Filipo, na Luka anamwita mwinjilisti, kisha anaongeza kwamba alikuwa mmoja wa wale saba. Mungu hakuifuta ile namba ya meza. Uaminifu wako wa zamani bado umeandikwa.

*2. Nguvu unakwenda nazo, mazoea lazima uyaache.* Namba 13 ilihitaji mabega yangu yale yale. Haikuhitaji mbio zangu zile. Muulize Bwana: ni tabia gani iliyonisaidia kule ambayo huku inamuumiza mwenzangu? Baba aliyezoea kutoa amri kazini, sasa yuko nyumbani mchana kutwa; watoto hawahitaji meneja. Ndugu yangu wa timu ya sifa, sauti yako Mungu bado anaitaka. Pale mlangoni itumie taratibu, kwa mgeni mmoja aliyesita kuingia.

*3. Namba mpya inataka muda.* Hili ni letu sisi viongozi. Kuna Mwingereza anayeitwa Sam Burgess, aliyekulia katika raga ya watu 13 akiwa mtu wa mbele. Mwaka 2014, katika fainali ya ligi ya Australia, alivunjika mfupa wa shavu mwanzoni kabisa mwa mchezo, akacheza mpaka mwisho. South Sydney ikapata ubingwa uliokuwa umepotea miaka 43, naye akapewa nishani ya mchezaji bora wa fainali. Kisha akahamia raga ya watu 15. Klabu yake ya Bath ikaona anafaa mbele. Timu ya taifa ikamtaka awe senta. Tarehe 26 Septemba 2015, kabla hajatimiza mwaka katika mchezo huo, akaanza kama senta kwenye Kombe la Dunia dhidi ya Wales. Uingereza ikapoteza 28–25, baadaye ikatolewa mapema nyumbani kwake, na vidole vingi vikamwelekea yeye. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi South Sydney. Moyo alikuwa nao. Kilichokosekana ni muda, na watu wazima kukubaliana anacheza wapi.

Sasa linganisha na mtoto wa Kakuma. Aliir Aliir alizaliwa kambini mwaka 1994, wazazi wake wakitokea Sudan Kusini. Akiwa mdogo familia ikahamia Australia, na kandanda ya huko, ile ya mpira wenye umbo la yai, ni mchezo ambao hakuzaliwa nao. Klabu ya Sydney ilimchagua mwishoni mwa 2013, lakini mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ilikuwa 2016. Hesabu hiyo miaka! Jina lake halikutokana na kufunga. Lilitokana na kulinda nyuma na kudaka mipira hewani. Mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, akatajwa katika kikosi bora cha msimu mzima. Kuna mtu alikubali kumngoja.

Viongozi, tukimhamisha mtu, tukae naye, tumweleze sababu, tumpe miezi ya kukosea. Ndugu yule aliniuliza amekosea wapi kwa sababu hakuna aliyemweleza. Kosa hilo ni letu, na wiki hii nimekwenda kwake nikamwambia hivyo.

Na wewe uliyepewa jezi usiyoizoea, usikimbie peke yako. Tazama kulia kwako, tazama kushoto kwako. Kuna mtu anakuita usimame naye. Amina?

Tuombe

Baba, wewe uliyemtoa Filipo mezani, ukampeleka mjini, ukampeleka na jangwani, tunakuja na namba zetu mpya. Utusamehe manung'uniko ya njiani. Utuponye na haraka yetu iliyowaumiza wengine, na hao walioondoka kwa sababu yetu uwatunze popote walipo. Wape uvumilivu wanaotuongoza. Tufundishe kusimama tulipowekwa, pamoja na uliyemweka kando yetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii

Someni Matendo 8:26–40 pamoja. Kila mmoja aseme namba aliyobadilishiwa karibuni, nyumbani, kazini au kanisani. Kisha mwulize aliyeketi kando yako: "Ni wapi nimekuacha peke yako?" Akijibu, usijitetee. Sikiliza, kisha ombeaneni.