Haki ya Mgeni Sokoni

Mgeni anayefika Mombasa hupewa mawaidha mengi: anunue viungo Marikiti, atafute leso mtaa wa Biashara, ale viazi karai na mahamri kwa mbaazi pale wanapokula wenyeji, azunguke Mji wa Kale jua likipoa. Kisha huonywa kwamba bei ya kwanza atakayotajiwa siyo bei. Onyo hilo limebeba swali zito la maadili: je, ni haki kumtoza mtu zaidi kwa sababu tu hajui? Nashikilia kwamba si haki, hata mgeni akiridhia mwenyewe, na kwamba kumjulisha bei ni wajibu wa mwenyeji wala si hisani.

Muuzaji atajibu kwamba hakuna aliyelazimishwa. Ni kweli kwamba Qurani, katika Sura ya 4 aya ya 29, imeifanya ridhaa ya pande mbili kuwa msingi wa biashara halali. Lakini sheria ya Kiislamu, iliyolea masoko ya pwani hii kwa karne nyingi, haikuishia hapo. Hadithi zinasimulia kwamba Mtume alikataza watu kuulaki msafara wa wafanyabiashara njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika mjini, na aliyeuza namna hiyo akapewa hiari ya kuvunja mauzo akishafika sokoni. Muuzaji huyo alikuwa ameridhia. Alichokosa ni kuijua bei ya soko. Basi ridhaa ya asiyejua ni ridhaa pungufu, na sababu iliyomlinda muuzaji mgeni inamfaa vilevile mnunuzi mgeni.

Wapo wanaosema mtalii ana pesa na mchuuzi hana, kwa hiyo nyongeza ile ni mgawo wa haki. Umaskini wa mchuuzi haukanushiki. Lakini mama aliyetoka Kinango kununua doti za leso za harusi ya bintiye naye haijui bei, na atatozwa. Tajiri wa Nyali anayeijua hatatozwa. Kinachotozwa hapo ni kutojua, wala si utajiri. Hata methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, haihalalishi jambo hilo: mwenyeji hupona kwa kuuza, na anaweza kuuza bila kuficha.

Hoja hii haiui kupatana bei. Watu wawili wanaolijua soko wanaweza kuvutana watakavyo, na mvutano wao ni mazungumzo halali. Ila kipimo hichohicho kinamfunga mgeni pia. Kumbana muuza samaki jioni, barafu ikiwa imeyeyuka, mpaka auze kwa hasara, ni kuitumia dhiki yake kama wengine wanavyoutumia ugeni. Mtume alimwombea rehema mtu aliye mwepesi anapouza na anaponunua, na dua hiyo haikuacha upande wowote.

Kwa hiyo mwenyeji akiulizwa bei ya doti, aitaje ileile anayolipa yeye, hata kama muuzaji ni jirani yake na anasikia. Ujirani una haki zake, lakini kushirikiana katika dhuluma si mojawapo.