Mguu Ulioambiwa Usubiri Kliniki

Mama ninayesimulia habari zake hapa hana jina, kwa kuwa kisa chake nimekiunga kutoka visa vya wengi wa huku Bomet na Kericho. Alikuwa mchumaji chai. Saratani ya umio ilipopatikana, majirani walihuzunika lakini hawakushangaa. Ukanda huu unaijua kwa miaka mingi, na Hospitali ya Tenwek imewawekea wagonjwa wengi mrija mdogo wa kufungua njia ya chakula. Nyumba nzima ikawa inalinda koo. Leo amemeza nini? Uji umepita? Maziwa ya mursik je? Kijana wake mkubwa akauza ng'ombe, kemo ikaanza.

Baada ya dozi ya pili, mguu wa kushoto ukavimba. Si miguu yote miwili, mmoja tu. Gambuti la kulia liliingia vizuri. La kushoto likakwama chini ya goti. Shavu la mguu lilikuwa la moto, gumu, na likiuma akikanyaga.

"Mama, ni ile miaka ya kusimama kwenye majani," binti yake akasema.

Ilisikika kuwa kweli. Jioni wakamkanda kwa maji moto ya chumvi, wakamnunulia vidonge vya maumivu dukani. Tarehe ya kliniki kule Eldoret ilikuwa wiki iliyofuata, basi mguu nao ukaambiwa usubiri. Siku ilipofika wakapanda matatu ya kwenda Eldoret. Hawajafika Londiani, mama akashika kifua, pumzi ikamkatika. Matangani watu walisema saratani imemshinda.

Mimi sikubali tuseme hivyo tukanyamaza. Umio ungeweza kumwachia miezi ya kukaa na wajukuu. Kilichomuua siku ile ni bonge la damu lililoganda ndani ya mshipa wa mguu, likang'oka, likapita moyoni na kuziba mshipa wa mapafu. Saratani huifanya damu iwe rahisi kuganda. Uvimbe wa saratani wenyewe humwaga kemikali za kuigandisha, na dawa za kemo kama sisplatini huzijeruhi kuta za mishipa. Mgonjwa naye hushinda kitandani, maji hayapiti kooni, damu inazubaa miguuni. Hatari yake ni takriban mara nne ya mtu asiye na saratani, na kemo huizidisha. Saratani za kongosho na tumbo ni miongoni mwa zilizo mbaya zaidi kwa hili.

Jambo hili si geni. Daktari Armand Trousseau alilifundisha Paris mwaka 1865. Miaka miwili baadaye damu ikaganda katika mshipa wake mwenyewe, naye akatambua maana yake; saratani ya tumbo ikamuua mwaka huohuo wa 1867. Inaniuma kwamba elimu ya zaidi ya miaka 150 haijafika jikoni kwa mama yule. Mgonjwa huambiwa nywele zitanyonyoka, atatapika, asikae na wenye mafua. Mguu hautajwi, na familia nayo haijui kuuliza.

Mguu wa mama yule ungepigwa picha ya ultrasaundi siku ulipovimba, bonge lingeonekana. Angeanzishiwa sindano za kuzuia damu kuganda, zile zinazodungwa chini ya ngozi ya tumbo, au vidonge, akaendelea nazo kwa miezi kadhaa huku mwili ukilimaliza bonge polepole. Kukanda kunaweza kulisukuma. Na vile vidonge vya dukani, aina ya diklofenaki, vikikutana na dawa hizo vinaweza kumfanya mgonjwa avuje damu tumboni.

Kwa hiyo mguu au mkono mmoja ukivimba, nendeni siku hiyohiyo katika hospitali iliyo karibu, iwe Longisa, Kapkatet au nyingine. Msingoje gari la Eldoret. Pumzi ikikatika ghafla, kifua kikichoma akivuta hewa, au akikohoa damu, tokeni hata usiku wa manane. Na anayepokea wagonjwa mlangoni mwambieni mapema, kwa maneno hayahaya: huyu ana saratani, yuko kwenye kemo, na mguu mmoja umevimba.