Kununua Majumba Katika Zama za Khofu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baadu.

Huulizwa: mtu mwenye mali kidogo ataka kuanza kununua nyumba za kupangisha, na hali ya biashara haijatulia. Je, akope kwa riba asipitwe, au angoje?

Jawabu: kununua nyumba ni biashara ya halali, na kodi yake ni chumo jema. Khofu ya nyakati haiharimishi biashara, wala haihalalishi riba. Mwenye kukopa kwa riba amejifunga kulipa deni la yakini kwa kutumainia kodi isiyo yakini. Mpangaji akihama, deni halihami.

Na izingatiwe khabari ya Unguja. Wenye mashamba ya karafuu walikuwa wakitafuta fedha kwa bei rejea: mtu humuuzia mkopeshaji shamba lake kwa sharti ya kulikomboa, kisha akakaa humo humo akimlipa kodi. Jina lake kodi, na maana yake riba. Bei ya karafuu ilipoanguka baada ya mwaka 1929, wengi wakashindwa kukomboa, hata mwaka 1934 serikali ikatunga sheria ya kuzuia mashamba yasihamishwe pasi na idhini yake.

Na uko mtihani wa pili, nao ni mzito zaidi. Katika zama za dhiki, mwenye fedha hujiwa na jirani aliyelemewa, ataka kuuza nyumba yake kwa bei yoyote. Akinunua kwa radhi yao wawili, bei yasihi. Lakini wanavyuoni wamechukia kununua hivyo. Lililo bora ni kumkopesha pasi na nyongeza, au kumpa muhula, au kununua kwa thamani ya haki. Faida iliyotoka katika machozi ya jirani, atakaaje nayo mtaa mmoja?

Basi mwenye kuanza na aanze kwa alichonacho, baada ya nafaka ya watu wake. Na apeleleze mipaka na hati kabla ya kutoa fedha. Asiuze asichokabidhiwa, kwani katika madhehebu ya Imamu Shafi hata ardhi haiuzwi kabla ya kukabidhiwa. Nyumba ya kupangisha haina zaka, ila fedha ya kodi ikitimia nisabu na mwaka. Na iliyonunuliwa ili iuzwe ni bidhaa, huthaminiwa killa mwaka ikatolewa robo ya ushuri.

Na asiyeweza leo, kungoja kwake si khasara. Riziki haimpiti aliyeandikiwa.

Wallahu aalamu.