Zaka Itangulie Meli



Sifa njema zote ni za Allah, Mwenye kuruzuku, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu wa Maswa, wazee wetu wanaikumbuka njaa ya 1974, na miaka ya 1980 tulipokula unga wa njano, ule wa yanga. Nafaka ilivuka bahari, Marekani ikiwa miongoni mwa walioileta. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Basi aliyetulisha, awe Mwislamu au asiwe, ana haki ya shukrani zetu.

Kuomba chakula wakati wa ukame si aibu. Mwaka wa 18 Hijria mvua ilikatika Hijazi. Sayyidna Umar (r.a.) aliwaandikia magavana wake, na Abu Ubayda akaja kutoka Sham na ngamia 4,000 waliobeba chakula. Lakini Umar mwenyewe aliacha samli na nyama mpaka watu walipopata nafuu. Aliyeomba msaada ndiye aliyetangulia kujinyima.

Sisi je, tunajinyima nini kabla ya kunyoosha mkono? Mvua zikikubali tunauza mahindi kwa lumbesa, yakiwa bado shambani. Ikifika Januari tunanunua nafaka ileile kwa debe, kwa bei ya kuumiza. Mama zetu wanaoanika viazi wakaweka michembe wako karibu zaidi na ushauri wa Nabii Yusuf (a.s.), aliyewaambia watu wa Misri wahifadhi mavuno ya miaka ya neema.

Na aliyeweka akiba asimsahau jirani. Surat Al-An'am, aya ya 141, inatuamrisha kutoa haki ya mazao siku ya mavuno. Shamba linalotegemea mvua, kama mengi ya kwetu, zaka yake ni sehemu ya kumi. La kumwagilia kwa gharama, nusu ya hiyo. Kiwango chake ni wasaq 5, takriban kilo 650. Ewe uliyevuna kwa mvua magunia 10 ya kilo 100, gunia moja si lako! Litoe likiwa nafaka, mapema, ili mjane naye aingie miezi ya njaa akiwa na cha kupika. Wala usimsimange, kwani masimango hubatilisha sadaka.

Machi 2023, Malawi ilipopigwa na Kimbunga Freddy, nchi yetu ilipeleka unga tani 1,000. Taifa lililolishwa likalisha. Mkono wa juu ni bora kuliko wa chini, na kila kijiji cha Maswa kinaweza kuuinua wake kwa zaka.

Ee Allah, tuteremshie mvua yenye manufaa, utuondolee uchoyo, uwalipe kheri waliotulisha, na utujaalie tuwe wenye kulisha. Amin.