Mwili Mpya wa Doom

Mwaka 1095, Abu Hamid al-Ghazali alikamilisha Tahafut al-Falasifa, kitabu chake cha kuwavunja hoja wanafalsafa, na suala la mwisho kabisa, la 20, akaliweka kuwa ufufuo wa miili. Swali la wapinzani lilikuwa gumu. Mwili uliozikwa umekuwa udongo, udongo umekuwa majani, majani yameliwa. Basi atakayefufuliwa atakuwa mtu yuleyule kwa lipi? Ghazali hakuhangaika na udongo. Nafsi, alisema, yaweza kurejeshwa katika mwili wowote, uwe wa maada ileile, wa maada nyingine, au ulioumbwa upya, na mtu akabaki yeye. Kwani hata hapa duniani mwili hubadilika kwa chakula tangu utoto hadi uzee, wala mzee hahesabiwi kuwa mtu mwingine.

Inachekesha kidogo kumwita mwanachuoni huyo shaurini kwa ajili ya mchezo wa kompyuta ambao kazi yake ni kupiga risasi mashetani kwenye miezi ya Mirihi. Lakini Doom, uliotolewa na kampuni ya Marekani ya id Software tarehe 10 Desemba 1993, umekwisha kufufuliwa mara nyingi mno. Uliuzwa kwa ajili ya DOS, mfumo uliokwisha kuondoka mezani. Anayeucheza leo kwenye Linux anaendesha programu iliyoandikwa na watu wengine, kwenye kompyuta ambayo haikuwepo wakati ule. Je, huyo anacheza Doom?

Jambo linazidi kunoga mtu akiuliza mwili wa kwanza ulikuwa upi. John Carmack na wenzake waliuandika mchezo huo kwenye kompyuta za NeXT, zenye mfumo wa ukoo wa Unix, kisha wakautolea toleo la DOS. Mwaka 1994 mwenzao Dave Taylor akauhamishia Linux. Na Carmack alipoutoa msimbo hadharani, tarehe 23 Desemba 1997, alitoa ule wa Linux, kwa sababu sehemu ya sauti ya DOS ilikuwa mali ya watu wengine. Basi matoleo mapya yanayotokana na msimbo ule hayakuzaliwa na mwili wa dukani, bali na ndugu yake.

Plutarch alisimulia jinsi Waathene walivyokuwa wakibadilisha mbao za merikebu ya Theseus zilipooza, na wanafalsafa wakabishana kama ni merikebu ileile. Ubishi huo haukupata hakimu. Doom unaye.

Tangu mwanzo mchezo huu umeweza kurekodi uchezaji wa mtu, na faili la rekodi halina picha wala sauti. Kila sekunde imegawanywa vipande 35, na kwa kila kipande faili huhifadhi baiti 4 tu kwa mchezaji: amekwenda mbele au nyuma kiasi gani, kando kiasi gani, amegeuka vipi, amebonyeza nini. Dakika nzima haifiki baiti 8,500. Mengine yote, adui aelekee wapi, risasi ipate au ikose, injini, yaani programu inayouendesha mchezo, huyahesabu upya kila rekodi inapochezeshwa. Hata bahati ni ya kupangwa: namba za kubahatisha huchotwa kutoka jedwali la namba 256 zisizobadilika, 0, 8, 109, 220, na kuendelea kwa utaratibu uleule siku zote. (Waash'ari, wanatheolojia wa kundi la Ghazali, walishikilia kwamba sifa za vitu hazidumu nyakati mbili, bali Mungu huziumba upya kila wakati upitao. Pengine wangeuelewa ulimwengu wa Doom upesi kuliko Plutarch.)

Ndiyo maana rekodi ya 1994 ni mtihani mkali. Toleo jipya likikosea hesabu moja, namba moja ikachotwa kabla ya wakati wake, zimwi litageukia kulia badala ya kushoto. Muda si muda mchezaji wa kwenye rekodi ataonekana akiuparamia ukuta, akifyatua risasi hewani, akitafuta mlango mahali usipo.

Mtihani huu hauhurumii wanaopenda kutengeneza. Katika Doom, anayekimbia mbele huku akisogea kando huenda kasi kuliko anayekimbia mbele tu, kwa kuwa injini hujumlisha miendo miwili bila kupunguza. Ni kasoro. Lakini wachezaji wa mbio, wanaoshindana kuumaliza mchezo upesi, wamejenga ustadi wao juu yake kwa zaidi ya miaka 25, na atakayeirekebisha atazifuta rekodi zao zote kwa mkupuo. Mwanadamu hutumaini kufufuliwa bila maradhi yake. Doom ukiponywa, si wenyewe tena.

Chocolate Doom, mradi ulioanzishwa na Simon Howard mwaka 2005, umelichukua jambo hili kwa ukali wa mnukuzi wa msahafu. Ramani yenye sakafu na dari nyingi kupita kiasi ilikuwa ikiuangusha mchezo wa DOS; huuangusha huu pia, kwa makusudi. GZDoom, mradi mwingine wa namna hiyo, umeshika njia nyingine: mchezaji huruka, hutazama juu na chini kwa kipanya, mwanga wa risasi hutembea ukutani. Ni mzuri, tena mno. Rekodi za zamani hauzifuati.

Wapinzani walimwambia Ghazali kwamba nafsi katika mwili mwingine ni tanasukhi tu, yaani kuhama kwa nafsi kutoka mwili hadi mwili. Akawajibu kuwa hagombanii majina. Lililoletwa na sheria ni lazima lisadikiwe, waliite watakavyo. Aliweza kusema hivyo kwa kuwa alikuwa na wahyi wa kumthibitishia jambo lenyewe. Mpenzi wa GZDoom hana wahyi, na mchezo hauna nafsi ya kurejeshwa. Ulicho nacho ni mwenendo, makosa yakiwa ndani yake, na mwenendo huo ndio unaopaswa kuhukumiwa; si mashine, wala si nia ya waliouunda.

Ila mwenendo wa injini peke yake hautoshi. Msimbo wa Doom umekuwa huria kamili tangu 1999 chini ya leseni ya GPL, lakini ramani, picha na sauti zake bado ni mali ya kuuzwa. Kwa hiyo watu wa programu huria wakatengeneza ramani, picha na sauti zote upya, za kuendeshwa na injini ileile. Kasi ni ileile, jedwali ni lilelile la namba 256, hata kukimbia kando kunafaa vilevile. Rekodi ya Doom ikichezeshwa humo, mtu hujigonga ukutani mara moja, kwa sababu korido si zile. Hapo hakuna anayebishana, na waliouunda mradi huo hawakudai ni Doom; wameuita Freedoom.